Majigambo ya Weisiko

Asubuhi ile ya Jumatatu Amondi alikuwa anafua mashuka manane yaliyojaa udongo mwekundu, nyuma ya nyumba ya mama yake mdogo Dorka, pale Sirari. Udongo ulikuwa mbishi. Maji ya kwanza yalitoka kama damu, ya pili yakatoka kama damu, ya tatu yakawa kama chai ya rangi. Simu alikuwa ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa ili aione bila kuishika, na kila mara ilikuwa inatetemeka na kusogea kidogo kuelekea ukingoni.

Ilitetemeka kwa sababu ya video. Haikufika hata dakika moja. Kilikuwa kipande tu cha filamu ya ngoma ambayo yeye na wenzake watatu walikuwa wanaitengeneza, filamu ya wanawake wanaokataa kuhamishwa hapa na pale kama mizigo. Chama kimoja cha wasanii wanawake kule Mwanza kilikuwa kimetangaza kwamba kitasaidia kumalizia filamu nne tu za Kanda ya Ziwa. Sharti lilikuwa uweke kwanza kipande mtandaoni, waone watu wanakipokeaje. Amondi alikiweka Jumamosi usiku. Sasa ilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi na watu elfu kumi na moja walikuwa wameshakitazama.

Elfu kumi na moja. Amondi aliyezoea kufundisha watoto wa chekechea kuruka ruka kwenye ukumbi wa kanisa, mzazi mmoja akichelewa kumfuata mwanawe, mwingine akisinzia kwenye benchi. Alikuwa anakamua shuka huku anatabasamu peke yake mpaka Dorka akatoka na kikombe chake, akamwangalia, akasema sabuni ile ni ya kununua, kama anataka kuchumbiana na simu ahamie nayo ng'ambo ya mpaka, Isebania. Dorka alikuwa muuza dagaa na ndiye mpiga ngoma wao. Maneno yake yalikuwa hivyo siku zote, hakuna aliyeyachukulia moyoni.

Kamera ilikuwa ya Luciana, Msukuma aliyekuja Nyamongo akimfuata kaka yake mchimba dhahabu, akaishia kupiga picha za harusi na misiba. Yeye ndiye aliyejua mwanga, sauti na kukata. Alikuwa mkali. Ukikosea hatua hakusema umekosea, alizima kamera na kukaa chini. Na mcheza ngoma wao, yule ambaye bila yeye hakukuwa na filamu, alikuwa Weisiko.

Weisiko alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipokuwa na kumi na tano baba yake alipokea ng'ombe kutoka kwa bibi mmoja wa Nyambureti, upande wa Serengeti, anaitwa Nyangige. Bibi huyo hakubahatika kupata mtoto wa kiume. Na huko, mwanamke wa hivyo akiwa na ng'ombe anaweza kuoa msichana ili amzalie. Wanaiita nyumba ntobhu. Mwanaume wa kuzaa naye anatafutwa, anakuja, anaondoka, hana chake pale. Mtoto anakuwa wa nyumba ya bibi. Weisiko alizaa msichana. Bibi akampa jina la mama yake mzazi, Mugesi. Weisiko akamwita Teddy, kimoyomoyo kwanza, halafu kwa sauti wakiwa wawili kisimani.

Mwaka jana mwezi wa tisa alimfunga Teddy mgongoni usiku akatoka. Darajani hakupita kwa sababu darajani kuna watu. Alivuka Mto Mara kwa miguu, maji kiunoni, mahali panapojulikana kwa wingi wa mamba. Akafika Tarime, akapata chumba nyuma ya mashine ya kusaga, akawa anapika makande asubuhi na kuwauzia wapakiaji wa magunia. Amondi alimkuta hapo siku aliyosimama kwenye foleni ya unga, akamwona anacheza na mtoto wake. Mashine ilikuwa inanguruma na Weisiko alikuwa anatikisa mabega kwa mdundo wa mashine. Amondi aliacha foleni.

Weisiko alikubali kucheza kwa sharti moja. Uso wake usionekane. Bibi Nyangige alikuwa bado anamtafuta. Na akimpata, alisema, mimi atanisamehe, mtoto hatamwacha. Hilo peke yake ndilo alilokuwa analiogopa duniani, kwamba watakuja kumchukua Teddy. Basi wakapanga. Wachezaji wote watajipaka udongo usoni, shuka litafunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Luciana alilipenda wazo hilo, akasema hata kama asingekuwa anajificha wangefanya hivyo hivyo. Kijiji hawakukitaja. Jina kwenye orodha ya mwisho wangeandika lingine.

Kwa mwezi mzima walikuwa waangalifu sana. Jumamosi ikawaharibu.

Jumamosi walikuwa kwenye kilima fulani nje ya mji, udongo mtupu, jua linashuka. Dorka alikuwa ameshika ngoma tangu saa tisa na mikono yake ilikuwa imeacha kuchoka, ngoma ilikuwa inajipiga. Weisiko alikuwa katikati. Amondi na wasichana wengine wawili wa kuazima walikuwa pembeni wanamzunguka. Hatua zilizopangwa ziliisha. Weisiko hakusimama. Aliinua mkono mmoja juu, akatembea mbele polepole, kifua mbele, jinsi wanaume wa Kikurya wanavyotembea kwenye ngoma zao, zeze la ritungu likichanganya, wakati mwanaume anapotoka mstarini kujigamba. Na akafungua mdomo.

Wanaume hujigamba kwa ng'ombe. Nilitoka usiku, nilivuka mto gani, nilifungua zizi la nani, niliwaleta wangapi, na sasa wamelala hapa, anayefuata unyayo na aje. Hiyo ya mwisho ndiyo inayomfanya awe mwanaume, kwamba anasema mahali alipo na haogopi. Weisiko alikuwa amewasikia wajomba zake tangu akiwa mtoto. Wanawake hawajigambi hivyo. Yeye alijigamba. Kwa Kikurya, kwa sauti iliyotoka mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyejua kuwa anapo, alisema alitoka usiku, alivuka Mara bila daraja, alifungua zizi gumu la Nyangige wa Nyambureti akatoa ndama mmoja, ndama wake mwenyewe, na sasa wamelala Tarime kwenye vumbi la unga, mashine inawaimbia. Anayefuata unyayo na aje.

Halafu akakaa chini akacheka, akalia kidogo, akasema amechoka.

Wale wasichana wa kuazima hawakujua Kikurya, wala Luciana hakujua neno hata moja. Alisema miaka yote ya kupiga harusi hajawahi kurekodi sauti kama ile, na kwamba kipande cha Mwanza ni hicho hicho, hakuna kingine. Dorka Kikurya chake kilikuwa cha kupatana bei ya dagaa, na masikio yake yalikuwa yamejaa ngoma. Kila mtu alijua kwamba Amondi naye hajui Kikurya. Alikuwa anasema hivyo mwenyewe, siku zote, kwa sababu alimsaidia Dorka kuuza dagaa sokoni, na wateja wakijua unaelewa wanaacha kusengenyana mbele yako.

Lakini Amondi alikulia Sirari. Alicheza rede na watoto wa Kikurya mpaka darasa la saba. Hakuelewa yote. Alielewa mto. Alielewa Nyambureti. Alielewa unga na mashine.

Usiku ule Luciana alimtumia kipande kilichokwisha kukatwa, akamwambia akiweke yeye, ukurasa ni wake. Amondi alikisikiliza mara nne kitandani. Alijiambia sauti imeingiliana na ngoma, nani atasikia. Akajiambia watu wanaotazama video za ngoma siyo watu wa Nyambureti. Akajiambia atamuuliza Weisiko kesho. Halafu akabonyeza.

Sasa mashuka saba yalikuwa kwenye kamba na la nane mikononi, simu ikatetemeka, na safari hii haikuwa mtazamaji. Ilikuwa sauti ya Weisiko, ujumbe wa sekunde sita. Nyuma yake mashine ilikuwa inasaga. Dada Amondi, alisema, umeacha yale maneno. Toa. Toa sasa hivi.

Amondi alijaribu kuifuta video kwa mikono yenye povu, kioo kinateleza, mpaka akafanikiwa mara ya tatu. Akampigia Weisiko. Iliita mpaka ikakata. Akampigia Luciana, hapatikani, kule mashimoni mtandao ni wa kubahatisha. Alipofungua tena simu akakuta mtu asiyemjua amemtumia kipande kile kile, kimeshapakuliwa na kuzungushwa, na chini yake ameandika kwa Kiswahili chenye makosa kwamba huyu binti wa nyumba ya Nyangige ana mdomo, sasa miguu yake tuione. Na vikatuni vya kucheka.

Akaliacha shuka ndani ya beseni. Dorka alimuuliza anakwenda wapi na sketi imelowa. Hakujibu, alikuwa ameshapanda bodaboda.

Kutoka Sirari mpaka Tarime alikuwa anapanga atakachosema. Atamwambia wafungashe, wahamie kwa Dorka leo hii, Teddy atalala na watoto wa jirani, baadaye watatafuta mahali, hata Kenya, ndugu wa Dorka wapo Migori. Alikuwa ameshapanga mpaka nani atabeba godoro. Dereva alimuuliza mbona anaongea peke yake, akamwambia endesha.

Chumba cha Weisiko kilikuwa cha mwisho, mlango unatazama ukuta wa mashine. Sufuria la makande lilikuwa jikoni bado, moto umezimika. Kwenye kigoda cha Weisiko alikuwa amekaa bibi mmoja mrefu, mwembamba, amevaa sweta la kijani juu ya gauni, miguu imejaa vumbi la safari. Teddy alikuwa mapajani pake anakula biskuti. Mwanaume wa miaka thelathini hivi, mwenye koti la bodaboda, alikuwa ameegemea mlango. Weisiko alikuwa amesimama katikati ya uwanja mikono imening'inia, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

Amondi akapiga goti kidogo, akasema shikamoo bibi, na sauti yake ikamezwa na mashine.

"Marahaba," yule bibi alisema, akimtazama sketi iliyolowa. Alikuwa anapaza sauti ili asikike, lakini bila hasira. "Wewe ndiye mwenye simu."

Yule mwanaume alikuwa Anold, mtoto wa kaka yake Nyangige. Yeye ndiye aliyeikuta video Jumapili mchana akiwa kijiweni, akaipeleka kwa shangazi yake mbio mbio. Alisimulia mwenyewe, kwa raha kabisa, jinsi walivyoanza safari alfajiri, jinsi ambavyo hawakuhitaji hata kuuliza mara mbili. Tarime kuna mashine nyingi za kusaga, alisema, lakini ya kwanza waliyofika, mpakiaji mmoja akawaambia msichana mwenye mtoto anauza makande, yuko nyuma hapo. Akamwambia Amondi kwamba wamemfuata mtu wao mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, wakapoteza unyayo mtoni, wakakata tamaa. Akamshukuru. Alimshukuru kweli, kwa kumpa mkono, na Amondi akaupokea mkono kabla hajajua anafanya nini.

Bibi Nyangige alimwambia anyamaze. Alikuwa anamfuta Teddy makombo mdomoni na ncha ya sweta. Akamuuliza Amondi kama ni yeye aliyemfundisha kucheza. Amondi akasema alimfundisha hatua tu.

"Hatua ni mbaya," bibi alisema. "Mnaruka kama mbuzi. Lakini alipofungua mdomo nilimsikia. Nimefika umri huu sijamsikia mwanamke anajigamba hivyo. Wanaume walikuwa uani kwangu wanakunywa, wakanyamaza wote. Ameniita zizi gumu. Mpaka sasa sijui amenitukana au amenisifu."

Teddy aliomba biskuti nyingine, akapewa.

"Wanasema mnatengeneza sinema ya wanawake."

"Ndiyo, bibi."

"Mimi niko wapi humo?"

Amondi aliitazama miguu yake. Bibi alikuwepo humo. Kulikuwa na sehemu ambayo Dorka anavaa shuka jeusi, anainama kwa fimbo, anavuta kamba ambayo mwisho wake umefungwa kiunoni mwa Weisiko. Walicheka sana siku ile wanairekodi kwa sababu Dorka alikuwa anazidisha kukohoa. Amondi alisema bado hawajamaliza.

Bibi akaanza kueleza, taratibu, kama mtu anayejua kwamba anayo siku nzima. Alisema alizaa mara saba, wakabaki mabinti wawili, wameolewa mbali. Mume alipokufa shemeji zake walianza kupima uwanja kwa macho yeye akiwa bado amevaa nguo za msiba. Bila mrithi wa nyumba wangemfukuza, na hapo ndipo akachukua ng'ombe zake akaenda kwa baba yake Weisiko. Hakumpiga Weisiko hata siku moja, aulizwe mwenyewe. Alimpikia uji wa uzazi kwa mikono yake. Mtoto huyu alimpokea yeye, kitovu alikata yeye. Halafu siku moja anaamka kitanda kitupu, nyumba nzima tupu.

Amondi akakumbuka polisi. Alisema Weisiko aliozwa akiwa na miaka kumi na tano, kuna dawati la jinsia na watoto pale kituoni, yeye anaweza kupiga simu sasa hivi. Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa.

"Piga," Anold alisema. "Tutakwenda wote. Baba yake atakuja, na kaka yake Wiliam atakuja, yule aliyeolea mke kwa ng'ombe za mahari ya huyu. Atakuja na mke na watoto, ng'ombe zirudi, tuwatawanye wote siku moja. Na wewe utawaeleza askari ni nani aliyemtangaza mtoto wa watu mtandaoni. Au hilo haliko kwenye sinema?"

Amondi aliendelea kushika simu. Alimtazama Weisiko, akisubiri aseme piga. Angesema piga, angepiga. Weisiko alikuwa anamtazama Teddy.

Bibi Nyangige ndiye aliyeliweka wazi. Alisema yeye hakuja kumfunga mtu kamba. Weisiko ni mtu mzima sasa, akitaka kubaki Tarime na abaki, auze makande yake, acheze ngoma zake, yeye hatamfuata tena na ng'ombe hatazidai. Mtoto anaondoka naye leo. Au waondoke wote watatu, nyumba yake iko vile vile, hata kanga alizoziacha ziko kwenye sanduku. Achague mwenyewe, mbele ya mwenzake, asije akasema alilazimishwa.

Halafu akasimama na Teddy akiwa begani.

Weisiko hakupiga kelele. Alimwambia bibi, kwa Kikurya, kitu kifupi ambacho Amondi alikielewa chote. Alimwomba amruhusu akusanye vitu. Akaingia ndani. Amondi akamfuata.

Chumbani kulikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, boksi la nguo, na ukutani kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Weisiko alikuwa anakunja nguo za Teddy ndogo ndogo, anazipanga kwenye mfuko wa unga. Mashine upande wa pili ilikuwa inafanya ukuta wote utetemeke. Amondi alikuwa anaongea haraka. Alimwambia kuna mlango wa nyuma kwa mwenye nyumba. Alimwambia kuhusu Migori. Alimwambia Luciana akifika atajua la kufanya, Luciana anajuana na wanasheria, wasubiri hata saa moja. Alikuwa anasema na mwenyewe anasikia ni maneno ya kutaka kusema tu. Mtoto alikuwa nje, begani mwa mtu.

Weisiko alifunga mfuko. Akavua bangili ya shanga aliyopewa na Luciana ya kuchezea, akaiweka kitandani. Na wakati ule ule umeme ukakatika. Mashine ikapiga kelele za kushuka, ikanyamaza, na chumba kikawa kimya hivi kwamba walimsikia Teddy nje anauliza kama wanapanda pikipiki.

"Dada Amondi," Weisiko alisema. "Nilichosema pale kilimani, ulikielewa?"

Alikuwa hajamtazama tangu afike. Sasa alikuwa anamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomshinda Amondi. Angekuwa na hasira, angemwambia ukweli.

"Kikurya changu ni cha sokoni," Amondi alisema. "Sikuelewa."

Weisiko alitikisa kichwa polepole, mara mbili, kama mtu anayepokea chenji na kuona iko sawa.

"Basi siyo kosa lako," alisema. "Ni langu. Mdomo wangu. Nilisikia raha nikasahau."

Akachukua mfuko. Mlangoni aligeuka akasema makande kwenye sufuria bado ni mazima, wapakiaji walikuwa wameshaagiza, kama Amondi anaweza awagawie tu. Akatoka.

Waliondoka na pikipiki mbili. Bibi Nyangige na Teddy walipanda ya Anold, mtoto katikati. Weisiko alipanda ya kukodi, nyuma yao, mfuko mapajani. Alikuwa amejifunga shuka kichwani mpaka kwenye nyusi, kama siku ile ya kilimani, na hakuna aliyemwambia alivue. Amondi alisimama pale na mwiko mkononi mpaka mpakiaji mmoja akamuuliza kama anauza au anaangalia barabara.

Luciana alifika saa tisa. Alipiga ukuta kwa ngumi mpaka vidole vikachubuka. Alikwenda kituoni, akaandika maelezo, akaambiwa watu wa upande wa Serengeti ndio watakaofuatilia. Akawapigia wa upande wa Serengeti, wakamwambia mlalamikaji mwenyewe aje. Kwa siku tatu alikuwa anapiga simu. Siku ya nne akauliza, siyo kwa ubaya, ni kwamba hata yeye hakuelewa: hivi kati yetu sisi hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua yale maneno? Dorka akasema yeye alisikia ngoma tu. Amondi alikuwa anaosha vikombe. Aliendelea kuosha.

Siku hiyo hiyo jioni walipigiwa kutoka Mwanza. Mama mwenye sauti nzuri alisema filamu yao imechaguliwa. Alisema ameona video imeondolewa kwenye ukurasa, hakujali, wanayo nakala, kamati nzima imelia. Alitaka kujua kitu kimoja tu. Yule dada anayepaza sauti, anasema nini? Wanataka kuandika tafsiri chini. Amondi alimwambia atampigia baadaye.

Alikaa kwenye jiwe la kufulia. Mashuka yalikuwa yamekauka siku nyingi, hakuna aliyeyaanua. Aliandika, akafuta, akaandika tena, akamtumia Weisiko.

"Weisiko ni mimi Amondi. Nilikudanganya pale chumbani. Nilielewa. Nilielewa mto na Nyambureti na mashine ya unga. Nilijua toka Jumamosi usiku kabla sijaiweka. Niliiacha kwa sababu ilikuwa nzuri na mimi nilitaka tuchaguliwe. Siyo mdomo wako. Ni mimi. Tumechaguliwa. Sijawajibu. Niambie nifanye nini. Teddy anaendeleaje."

Tiki ilikuwa moja usiku kucha. Asubuhi zikawa mbili. Saa nne na dakika kumi zikageuka bluu, ujumbe umesomwa, na Amondi akasimama, akakaa, akaiweka simu sikioni kana kwamba ingeongea. Hakujua hata kama ni Weisiko aliyeshika simu kule, au Anold, au kama ujumbe ulisomwa kwa sauti uani mbele ya bibi. Alingoja mpaka mchana. Alingoja Jumamosi na Jumapili. Mama wa Mwanza alipiga mara mbili. Kutoka Nyambureti hakukuja kitu.